Pedro Iturralde: mpigaji saksafoni aliyejitungia kazi za kupiga

Kipulizo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Anayejifunza saksafoni kwa njia ya muziki wa kiklasiki hukutana mapema na jambo la kukatisha tamaa, nalo ni kwamba okestra haina nafasi ya kudumu kwa ajili yake. Adolphe Sax, fundi kutoka Ubelgiji, alipata hataza ya ala hii mjini Paris mwaka 1846, wakati Mozart alikuwa amefariki zaidi ya nusu karne nyuma na Beethoven takriban miaka ishirini, kwa hiyo misingi ya okestra ilikuwa imekwisha kuwekwa bila saksafoni kufikiriwa. Bizet aliitumia katika muziki wa L'Arlésienne mwaka 1872. Ravel aliipa tuni ya ngome ya kale alipoipanga kwa okestra kazi ya piano ya Mussorgsky mwaka 1922, kisha akairudia katika Boléro mwaka 1928. Kazi kama hizo zinapopangwa kupigwa, okestra humwita mpigaji kutoka nje, humlipa ujira wake, na shughuli ikiisha huagana naye mpaka msimu mwingine. Hata darasa la saksafoni ambalo Sax mwenyewe alilifundisha katika Konsevatori, yaani chuo cha muziki, ya Paris tangu 1857 lilifungwa mwaka 1870, na halikurejeshwa hadi 1942, alipokabidhiwa mpigaji saksafoni Marcel Mule.

Waliotaka kuishi kwa ala hii nje ya jazi walikuwa na njia tatu zinazojulikana: bendi za kijeshi, ualimu, au kuwaomba watunzi wawaandikie. Hiyo ya tatu ilihitaji fedha, au subira, au vyote viwili. Elise Hall, mama tajiri wa Boston aliyependa saksafoni, alimlipa Debussy mwanzoni mwa karne ya 20, na Debussy akaiburuta kazi ile miaka mingi, hata mpangilio wake wa okestra ukakamilishwa na Roger-Ducasse baada ya mtunzi kufariki. Mpigaji saksafoni Sigurd Raschèr alikuwa na bahati zaidi, kwani Glazunov alimwandikia konseto, yaani kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra, mwaka 1934 na Ibert akamwandikia nyingine mwaka uliofuata. Ipo hata hivyo njia ya nne, ya mpigaji kushika kalamu mwenyewe, na hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili kupitia maisha ya kazi ya Pedro Iturralde wa Hispania.

Iturralde alizaliwa tarehe 13 Julai 1929 katika mji mdogo wa Falces, jimbo la Navarra. Baba yake ndiye aliyemwanzisha katika muziki, na alipokuwa na umri wa miaka tisa alikuwa tayari anapiga saksafoni kwa malipo. Hilo la malipo tusilipite haraka. Mtoto anayeanza kwa kuchezesha watu dansi hujifunza kwanza kile ambacho chuo humfundisha mwanafunzi mwishoni kabisa, ikiwa kitamfundisha: kwamba msikilizaji ana haki ya kuchoka, na kwamba kazi ya mpigaji ni kumzuia asichoke. Baadaye alihitimu katika Konsevatori ya Kifalme ya Madrid, ambako alisoma klarineti, piano na hamonia, yaani elimu ya kuunganisha sauti. Naomba mzingatie piano na hamonia, kwa sababu mpigaji wa ala ya kupulizwa hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na akitaka kutunga kwa uzito ni lazima apate mahali pa kuzisikia sauti nyingi kwa pamoja.

Utungo wake maarufu kuliko yote ni Pequeña czarda, alioutunga akiwa bado kijana. Czarda ni dansi ya Kihungaria yenye sehemu mbili, ya kwanza ikienda polepole kwa hisia nzito na ya pili ikikimbia. Wapigaji wa fidla walikuwa wamekwisha kuizoea kama kazi ya kumalizia onyesho, ile ambayo hadhira huisubiri ili ishangilie. Saksafoni haikuwa na vitu vingi vya namna hiyo, na kwa maoni yangu siri ya utungo huu imo humo: Iturralde aliona kinachokosekana katika begi la mpigaji mwenzake, akakiandika. Hakuwa Mhungaria, na sidhani kama alijidai kuwa mmoja. Sehemu ya polepole humpa mpigaji nafasi ya kuonyesha sauti ndefu na mtetemo wake, kisha sehemu ya haraka humpa noti nyingi zinazosikika ngumu kuliko zilivyo, kwa sababu mwandishi alijua kila kitufe kilipo na kidole kipi kinaweza kufika kwa wakati. Mtunzi anayefanya kazi akiwa kwenye piano peke yake mara nyingi hukosea hapo, akaandika kitu kinachomtesa mpigaji bila msikilizaji kunufaika kwa lolote.

Sidai kwamba Pequeña czarda ina kina kirefu. Ni kazi ya kufurahisha, ya dakika kama tano, na wanafunzi wameipiga mno hata walimu wengine wakiisikia huangalia saa. Ninayoithamini zaidi ni Suite Hellénique, ambayo chimbuko lake ni muziki aliokutana nao Ugiriki alipokuwa akizunguka nje ya nchi yake na bendi. Inaanza na kalamatianos, dansi ya Kigiriki yenye mapigo saba katika kila mizani, yakigawanyika matatu, mawili na mawili. Mara tu mwili wa msikilizaji unapokubali saba hizo, zinaondolewa, na sehemu ya pili inayoitwa Funky inaingia kwa mwendo wa jazi usioomba radhi. Baada yake huja vals, dansi ya mapigo matatu, kisha Kritis, yaani kisiwa cha Krete, na mwisho kalamatianos inarudi kufunga. Nimewahi kusoma na kusikia watu wakilalamika kwamba Funky haina uhusiano na Ugiriki. Kwangu mimi uhusiano upo, nao ni mtunzi mwenyewe, mtu ambaye huenda alipiga vitu hivyo vyote katika usiku mmoja kwenye jukwaa moja, kwa kuwa ndivyo bendi za vilabu zilivyofanya kazi. Kwa mwelekeo huohuo ipo Memorias, yenye sehemu tatu zinazoitwa Lisboa, Casablanca na Argel, ambayo kwa hakika ni kumbukumbu za safari za kikazi zilizoandikwa kwa noti.

Upande wa jazi nitaupitia kwa haraka, ingawa ndiko umma wa Hispania ulikomjulia. Katika miaka ya 1960 aliongoza kundi lake kwenye klabu ya Whisky Jazz mjini Madrid, na mwaka 1967 akaanza kurekodi sahani za Jazz Flamenco, akiwa na kijana mpiga gitaa ambaye katika jalada aliitwa Paco de Algeciras. Aliyejificha nyuma ya jina hilo alikuwa Paco de Lucía, mpiga gitaa wa flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania. Mwaka huohuo kundi lilialikwa Berlin kwenye tamasha la jazi. Mwaka 1972 utungo wake Like Coltrane ulishinda tuzo ya kwanza katika shindano la tuni za jazi huko Monaco, na mwaka huohuo, akiwa mtu mzima wa miaka arubaini na kitu mwenye jina kubwa nyumbani, alikwenda Boston kwa ufadhili kusoma hamonia na upangaji muziki katika chuo cha Berklee. Kisha tangu 1978 hadi 1994 alifundisha saksafoni katika konsevatori ya Madrid, ile ile aliyohitimu. Aliwahi pia kusimama kama mpigaji wa solo mbele ya Okestra ya Taifa ya Hispania, chini ya viongozi kama Frühbeck de Burgos, Markevitch na Celibidache. Alifariki Madrid tarehe 1 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 91.

Hoja yangu ni kwamba utunzi haukuwa shughuli ya pembeni katika maisha haya. Ndio uliozishikanisha kazi zake nyingine zote, za klabu, za darasani na za jukwaa la okestra. Karibuni tujadiliane.

Mzee wa Dansi

Mleta mada, ahsante kwa andiko lililotulia. Nina swali ambalo si la ubishi. Kwa maelezo yako mwenyewe, bwana huyu amelala na kuamka katika jazi, amerekodi na mpiga gitaa wa flamenko, na tuzo yake umeitaja kuwa ya jazi. Kwa kigezo gani unamwita mpigaji wa kiklasiki? Sisi huku masikio yetu yamelelewa na saksafoni ya dansi. Verckys Kiamuangana Mateta alipuliza saksafoni katika OK Jazz ya Franco hadi alipoondoka mwaka 1969 na kuanzisha Orchestre Vévé, akatunga, akaongoza na kuwalea wengine. Hakuna aliyemwita wa kiklasiki, na wala hakupungukiwa kitu.

Kipulizo (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo. Swali ni la haki, na nakubaliana nawe kwamba neno hilo si cheo. Verckys hakupungukiwa kitu, na kama tungekuwa tunapima mchango katika biashara ya muziki, Iturralde asingemkaribia.

Kigezo changu ni cha kiufundi. Kwanza ni karatasi. Pequeña czarda na Suite Hellénique zimeandikwa noti kwa noti, na mtu asiyemjua Iturralde kabisa, akiwa Osaka au Bordeaux, anaweza kuzipiga kama zilivyo bila mwandishi kuwepo. Katika dansi na katika jazi, utungo kwa kiasi kikubwa unakaa ndani ya watu wanaoupiga, na mpigaji mwingine akija huja na lake. Pili ni sauti yenyewe. Kipulizio cha kiklasiki, yaani sehemu ya ala inayowekwa mdomoni, kwa kawaida huwa na mwanya mwembamba kati ya ncha yake na mwanzi, ule ubao mwembamba unaotetemeka, na mpigaji hushikilia mdomo kwa uthabiti ili sauti itoke laini na iliyo sawa kutoka noti ya chini hadi ya juu. Cha jazi mara nyingi huwa na mwanya mpana unaoruhusu sauti kupindishwa, kukwaruzwa na kupazwa ili isikike juu ya ngoma na shaba. Mtu mmoja kuziishi sauti hizo mbili kwa muda wote wa kazi yake ni jambo zito kuliko linavyoonekana, maana misuli ya mdomo ina mazoea yake na haipendi kuamrishwa vingine kila jioni.

Kuhusu flamenko, yapo mambo mawili. Katika rekodi zile kundi lilipiga nyimbo za jadi kama Zorongo gitano na Café de Chinitas, lakini pia lilichukua wimbo wa moto wa kizimwi kutoka El amor brujo ya Manuel de Falla, ambayo ni kazi ya okestra. Kwa hiyo hata alipokuwa klabuni, rafu yake ya vitabu vya konsevatori ilikuwa karibu. Tena aliandika kitabu cha ngazi 324 za sauti kwa ajili ya wanaojifunza kubuni muziki papo hapo katika jazi. Mtu anayeweza kuketi na kupanga ngazi 324 kwa utaratibu ana tabia ya mwalimu wa konsevatori, hata kama somo lake ni jazi.

BintiWaNoti

Habari za humu. Ninajifunza saksafoni ya alto na kwa sasa niko kwenye Pequeña czarda, kwa hiyo uzi huu umenifikia kwa wakati wake. Ninakubaliana na mleta mada kuhusu vidole, kwani sehemu ya haraka ilinitisha kwenye karatasi, na nilipoanza kuifanyia mazoezi kwa mwendo wa chini niliona kwamba mkono unaongozwa vizuri. Kinachonishinda ni sehemu ya mwanzo. Noti zake ni chache na ndefu, mpiga piano wangu ananisubiri mimi, nami namsubiri yeye, na tunaishia kuwa kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Mwalimu wangu ananiambia nisihesabu, nipumue. Je, kwa mtunzi ambaye alitoka kwenye dansi, ambako mdundo haumsubiri mtu, uhuru wa namna hiyo ulitoka wapi?

Kipulizo (mleta mada)

BintiWaNoti, kwanza hongera. Uhuru ule ni wa dansi yenyewe ya czarda, ambayo nusu yake ya kwanza kwa desturi huachiwa kiongozi wa bendi aivute na kuiachia kadiri anavyoona, na wenzake humfuata kwa macho. Kwa hiyo Iturralde aliurithi uhuru huo pamoja na aina ya muziki aliyoichagua. Katika hali hiyo kiongozi ni wewe, na piano haipaswi kukusubiri wala wewe kuisubiri. Pumzi yako ndiyo ishara. Pumua kwa namna ambayo mpiga piano anaiona, kwa kasi ileile ya noti inayokuja, na utaona kwamba nusu ya tatizo imekwisha. Nusu iliyobaki ni kwamba mnapaswa kukubaliana ni wapi kila sentensi ya muziki inaelekea, kwa sababu mkijua noti ya kufikia, njia ya kati inaweza kurefuka au kufupika bila mtu kupotea.

Ningeongeza tahadhari juu ya mtetemo. Wengi huuweka kwenye kila noti ndefu kwa kipimo kimoja, na masikio huuchoka kabla ya dansi kuanza. Anza noti ikiwa imenyooka, kisha uiachie itetemeke inapoelekea mwisho.

Rejesta

Mimi nitapinga kidogo. Kumsifu Iturralde kama mfano wa mpigaji anayetunga ni sawa, lakini muziki wake ulibaki katika lugha ya zamani, wa tuni na dansi, wakati wapigaji wengine walikuwa wanaihoji ala yenyewe. Mfano wangu ni Ryo Noda wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1948, akasoma Osaka, kisha Marekani kwa Fred Hemke katika Chuo Kikuu cha Northwestern, halafu Bordeaux kwa Jean-Marie Londeix. Improvisation I yake, ya miaka ya 1970, ni ya saksafoni peke yake bila piano, haina mistari ya kugawa mizani, na inachukua mbinu za shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Kijapani: sauti inayoanza kwa upepo mtupu, noti inayopindishwa hadi robo ya hatua, na ukimya unaohesabiwa kuwa sehemu ya utungo. Baada ya kazi hiyo na Maï iliyoifuata, wapigaji waliacha kuuliza saksafoni inaweza kuiga fidla kwa kiasi gani. Iturralde, kwa heshima zote, aliwapa kitu kingine cha kuigia fidla.

Kipulizo (mleta mada)

Rejesta, kuhusu Noda umesema vyema kuliko ambavyo ningesema mimi, na kuhusu Pequeña czarda sina utetezi. Inaigiza fidla, na inajua kwamba inaigiza.

Sikubali, hata hivyo, kwamba Suite Hellénique iko katika kapu hilohilo. Ukiangalia kwa makini, Noda na Iturralde walifanya jambo moja kutoka pande mbili. Noda alichukua ala ya Paris akaitaka isikike kama ala ya nyumbani kwao. Iturralde aliichukua ala hiyohiyo akaitaka ipige muziki wa mahali alipokula mkate wake, iwe Athens au Casablanca. Wote wawili walikuwa wapigaji kwanza, na wote waliandika kile ambacho mtunzi wa kukaa mezani asingekifikiria, kwa kuwa hakijaanza kichwani, kimeanza mdomoni na vidoleni. Tofauti ni kwamba Noda alikuwa na hadhira ya konsevatori iliyokuwa tayari kusikiliza upepo mtupu kwa utulivu, ilhali Iturralde alilelewa na hadhira iliyokuwa inakunywa na kuzungumza. Naona si haki kumlaumu mtu kwa kuzijua desturi za watu waliomlipa.

Nakubali pia kwamba kama mwanafunzi ana nafasi ya kujifunza kazi mbili tu za wapigaji waliotunga, moja iwe ya Noda. Ya pili nisingeichukua czarda. Ningechukua Suite Hellénique, kwa sababu inamlazimisha abadilishe tabia katikati ya kazi bila kubadilisha kipulizio, na hilo ni gumu kuliko noti zozote za haraka. Mpigaji wa kiklasiki akifika Funky mara nyingi huipiga kwa adabu mno. Mpigaji wa jazi naye huchangamka hapo, kisha vals inamshinda kwa sababu haina pa kujificha.

BintiWaNoti

Mwalimu wangu amekubali nijaribu kalamatianos baada ya mtihani. Hizo saba mnazihesabuje bila kuchanganyikiwa? Nikihesabu moja hadi saba nachelewa.

Kipulizo (mleta mada)

Usihesabu saba, hesabu tatu. Ndani ya kila mizani kuna hatua tatu tu za mguu, ya kwanza ndefu na mbili zinazofuata fupi, na urefu wa ile ya kwanza ni nusu zaidi ya kila moja ya zile fupi. Tembea chumbani bila ala, ukianza na hatua ndefu, mpaka mguu uache kusita. Kisha imba tuni ukiwa unatembea. Ala ije mwisho kabisa, na mwendo uwe wa chini kuliko unavyotamani, kwa sababu kosa la kawaida katika dansi hii ni kuifupisha ile hatua ndefu mpaka saba zikageuka sita, na ukishazoea kosa hilo kwa mwendo wa haraka ni shida kulitoa. Mpiga piano wako naye atembee, kwani mkono wake wa kushoto ndio unaobeba hatua hizo.

Mzee wa Dansi

Hii ya kutembea hata sisi tulifundishwa hivyo kwenye bendi. Binti, ukimaliza mtihani turekodie tusikie.